Kitenzi cha Kilatini Habere: Kutoka Neno Huru hadi Kiambishi cha Njeo katika Lugha za Kiromansi

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wa isimu historia hufundishwa mapema kwamba viambishi vingi vya sarufi vilikuwa maneno kamili hapo kale. Kauli hiyo hurudiwa sana katika mihadhara na vitabu, lakini aghalabu hurudiwa bila ushahidi wa kutosha, kwa sababu katika lugha nyingi safari ya neno kuwa kiambishi ilikwisha kabla lugha yenyewe haijaanza kuandikwa. Anayeambiwa kwamba -ta- ya 'atasoma' imetokana na kitenzi -taka hana budi ama kuamini ama kukataa. Lugha zilizotokana na Kilatini, yaani lugha za Kiromansi, zina bahati nyingine. Mwanzo wa safari umeandikwa, katikati yake pameandikwa, na mwisho wake unasikika hadi leo midomoni mwa wasemaji wa Kireno, Kihispania, Kifaransa, Kiitalia na Kiromania.

Makala haya yanafuatilia kitenzi kimoja tu cha Kilatini, habere, ambacho maana yake ya kawaida ilikuwa 'kuwa na'. Kitenzi hiki kimegawanyika: upande mmoja kimebaki neno, upande mwingine kimekuwa kiishio cha njeo ijayo. Hoja inayotetewa ni kwamba maana ya habere ndiyo iliyokifungulia mlango wa sarufi, lakini nafasi yake katika sentensi ndiyo iliyoamua kingeingia kikiwa kitu gani. Jambo hili lina uzito kwa mtafiti wa Kiswahili na lugha nyingine za Kibantu. Anayetafuta asili ya viambishi kwa kulinganisha maana peke yake huwa ameacha nusu ya ushahidi.

2.0 Habere katika Kilatini

Maumbo ya wakati uliopo ya habere katika Kilatini yalikuwa haya:

(1) habeo 'nina', habes 'una', habet 'ana', habemus 'tuna', habetis 'mna', habent 'wana'

Maana ya msingi ilikuwa kushika na kuweka, na kutoka hapo ikaja maana ya kumiliki. Kitenzi habitare 'kukaa, kuishi mahali' ni tawi la shina hilohilo. Kilatini kilikuwa pia na njia nyingine ya kueleza umilikaji, mihi est, ambayo neno kwa neno ni 'kwangu mimi kipo', na njia hiyo huenda ndiyo ya kale zaidi. Inafaa kulikumbuka hilo, maana wapo wanaodhani kwamba lugha isiyokuwa na kitenzi mahsusi cha kumiliki, kama Kiswahili kinachotumia 'kuwa na', imepungukiwa na kitu. Kilatini chenyewe kilikuwa na njia zote mbili.

Tahadhari moja ni ya lazima. Habere inafanana mno na haben ya Kijerumani, kwa sauti na kwa maana, na mtu asiyezoea mbinu za isimu linganishi atasema mara moja kwamba ni ndugu. Si ndugu. Kwa kawaida h ya Kijerumani hulingana na k ya Kilatini (katika tahajia, c), kwa hiyo haben huunganishwa na capere 'kukamata', si na habere. Mfanano wa sura bila ulinganifu wa sauti hauthibitishi nasaba, na hapa ndipo mara nyingi orodha za maneno 'yanayofanana' zinazokusanywa na wapenzi wa lugha huporomoka.

3.0 Njeo ijayo ya Kilatini na udhaifu wake

Kilatini cha waandishi wakubwa kilikuwa na njeo ijayo yake, lakini njeo hiyo haikuwa imara. Kwanza iliundwa kwa namna mbili. Vitenzi vya makundi mawili vilichukua -bo, -bis, -bit (amabo 'nitapenda'), na vya makundi mengine vilichukua -am, -es, -et (dicam 'nitasema'). Pili, dicam ilimaanisha 'nitasema' na pia 'niseme', kwa hiyo katika nafsi ya kwanza umoja msikilizaji alitegemea muktadha tu.

Pigo kubwa lilitoka katika mabadiliko ya matamshi. Kati ya irabu, b ililegea hata ikasikika sawa na sauti iliyoandikwa v. Basi amabit 'atapenda' ikakutana na amavit 'alipenda', na tofauti ya wakati ujao na wakati uliopita ikaning'inia kwenye konsonanti ambayo haikuwa ikitamkwa tofauti tena. Katika kundi la dicere, irabu za silabi za mwisho zisizo na mkazo zilikaribiana, ikawa vigumu kutenganisha dicet 'atasema' na dicit 'anasema'.

Haifai, hata hivyo, kusema kwamba njeo ya kale ilikufa kwanza, halafu wasemaji wakaanza kutafuta mbadala. Lugha haikai bila wakati ujao ikisubiri. Namna mpya ya kusema ilikuwa imekwisha kuzoeleka pembeni, na udhaifu wa namna ya zamani uliiongezea nafasi. Tena hata -bo ya amabo haikuwa kiambishi tangu mwanzo. Wataalamu wengi huiunganisha na shina la kale lenye maana ya 'kuwa', ambalo liliandamana na shina la kitenzi kikuu hadi likashikamana nalo. Mzunguko ulikuwa umewahi kupita njia hiyo kabla ya habere kuianza.

4.0 Kutoka 'nina la kusema' hadi 'nitasema'

Katika maandishi ya Cicero, karne ya 1 K.K., habeo hufuatwa na kitenzijina cha kusema: habeo dicere. Maana yake hapo bado si wakati ujao. Ni karibu sana na Kiswahili 'nina la kusema', yaani ninalo jambo nami naweza kulisema. Msemaji anamiliki kitu, na kitu hicho kinangoja kutendwa. Ndani ya maana hii mna mbegu tatu: uwezo (ninaweza kusema), wajibu (sina budi kusema) na wakati ujao (nitasema). Mwenye neno la kusema bado hajalisema. Wakati ujao haukuongezwa kutoka nje. Ulikuwamo tangu mwanzo kama jambo linalofuatia, na matumizi ya mara kwa mara yakaufanya uwe ndio maana yenyewe.

Ni mbegu ipi kati ya hizo iliyoota? Wanaisimu hawakukubaliana. Maelezo ya kawaida hupita katika wajibu: 'nina wimbo wa kuimba' hugeuka 'sina budi kuimba', kisha 'nitaimba'. Benveniste (1968) aliyapinga maelezo hayo kwa hoja nzito. Alionyesha kwamba muundo huu unaanza kushamiri kwa waandishi wa Kikristo, kuanzia Tertullianus wa Carthago mwanzoni mwa karne ya 3, na kwamba aghalabu unatokea katika vishazi tegemezi na pamoja na kitenzijina cha kutendwa. Maana yake huko si kwamba mtu fulani ana wajibu wa kutenda. Maana ni kwamba jambo fulani limekwisha kuandikiwa kutokea, kama yanavyoelezwa mambo yaliyotabiriwa na manabii. Kitu kisicho na uhai hakiwezi kuwa na wajibu, lakini kinaweza kuandikiwa kutokewa na jambo.

Hoja ya Benveniste ina nguvu kwa kuwa inategemea mahali ambapo maumbo yanatokea hasa, wala si pale ambapo mantiki ya mchambuzi ingependa yatokee. Hata hivyo maandishi ya wanateolojia si kioo kamili cha usemi wa sokoni, na haielekei kwamba wakulima wa Gaul na Hispania walijifunza njeo yao ijayo katika vitabu vya mafundisho ya dini. Yamkini njia zote mbili zilifanya kazi, na mahubiri, ambayo yalisemwa kwa sauti mbele ya watu wa kawaida, yalikuwa daraja kati yake. Linalostahili kuangaliwa pia ni kwamba Carthago ilikuwa Afrika ya Kaskazini, na Tertullianus ni miongoni mwa waandishi wa mwanzo kabisa wa Kikristo walioandika kwa Kilatini.

Ushahidi wa kwanza unaojulikana sana wa maneno mawili kuwa neno moja unatoka karne ya 7, katika tarehe inayohusishwa na jina la Fredegarius. Humo mna kisa cha Kaisari Justinianus na mfalme wa Waajemi aliyetekwa. Mfalme anatakiwa arudishe nchi alizotwaa, naye anajibu kwa kukataa, akitumia dabo, njeo ijayo ya Kilatini cha kale. Kaisari anamjibu kwa neno moja: daras 'utatoa'. Mwandishi anadai kwamba mji wa Daras uliitwa hivyo kwa sababu ya jibu hilo. Kama maelezo ya asili ya jina la mji, kisa hiki hakina thamani. Kama ushahidi wa isimu, ni hazina, kwa kuwa daras ni dare habes iliyokwisha kuunganika, na inasimama katika mazungumzo yaleyale pamoja na umbo la zamani. Kisha katika Viapo vya Strasbourg vya mwaka 842, vinavyohesabiwa kuwa hati ya kwanza ya Kifaransa, yanatokea maumbo salvarai na prindrai, yenye kiishio ambacho mwanafunzi wa Kifaransa wa leo, awe Paris au Lubumbashi, angekitambua bila shida.

5.0 Umbo: neno lililochakaa

Linganisha sasa maumbo ya habere yanayosimama peke yake na viishio vya njeo ijayo ya kitenzi 'kuimba' katika lugha tatu:

(2) Kihispania: he, has, ha, hemos, habéis, han
    cantaré, cantarás, cantará, cantaremos, cantaréis, cantarán

(3) Kifaransa: ai, as, a, avons, avez, ont
    chanterai, chanteras, chantera, chanterons, chanterez, chanteront

(4) Kiitalia: ho, hai, ha, abbiamo, avete, hanno
    canterò, canterai, canterà, canteremo, canterete, canteranno

Ulinganifu ni dhahiri, na Antonio de Nebrija aliueleza kuhusu Kihispania katika sarufi yake ya mwaka 1492, karne nyingi kabla ya isimu historia kuwa taaluma. Tahajia ndiyo huuficha. Kihispania huandika he kwa h isiyotamkwa lakini cantaré bila h. Na Kiitalia kimeihifadhi h katika ho, hai, ha na hanno peke yake ili zisichanganywe na o 'au', ai na a (maneno ya mahali) na anno 'mwaka'.

Penye kufundisha zaidi ni pale ulinganifu unapovunjika. Kifaransa kina avons lakini -ons, avez lakini -ez. Av- yote imetoweka katika kiishio. Kihispania kina habéis lakini -éis. Kiitalia kina abbiamo lakini -emo, kwa kuwa kiishio kimehifadhi sehemu ya umbo la zamani, avemo, ambalo neno huru limekwisha kuliacha. Nusu mbili za kitenzi kimoja zimeachana, na kila moja ina historia yake. Kiambishi kimepoteza sauti ambazo neno limezitunza, na kimetunza umbo ambalo neno limelipoteza.

Hata neno huru lenyewe halikufuata kanuni za kawaida za sauti. Mfuatano wa sauti uliomo katika habeo umo pia katika rubeum 'ekundu'. Hilo la pili limezaa rouge kwa Kifaransa na rubio 'mwenye nywele za rangi ya dhahabu' kwa Kihispania. Kama habeo ingefuata mkondo huo, Kifaransa kingekuwa na umbo lenye sauti ya mwisho wa rouge, na Kihispania umbo lenye -bi- ndani yake. Badala yake kuna ai na he. Ni umbo la aggio la kusini mwa Italia lililopita katika njia ya kawaida. Sababu ya ufupisho huo haifichiki: neno linalotumika maelfu ya mara, tena bila mkazo, likisindikiza neno jingine lenye uzito, huchakaa kuliko mengine. Wanaouona ufupisho kama huo kuwa uvivu wa wasemaji wangepaswa kueleza kwa nini uvivu huo unachagua maneno ya kazi za kisarufi na kuyaacha maneno mengine.

Kadiri habere ilivyofupika ndivyo ilivyozidi kujipatia mkazo. Katika cantare habeo palikuwa na mikazo miwili. Baada ya kuunganika, ule wa pili ukawa mkuu. Irabu iliyotangulia mkazo huo mpya ikadhoofika, mara nyingine ikatoweka kabisa. Kihispania tener 'kuwa na' hutoa tendré, venir 'kuja' hutoa vendré, salir 'kutoka' hutoa saldré: irabu imeanguka, na d ikazuka kulainisha mpito wa kwenda kwenye r. Kifaransa kilipita njia hiyohiyo katika viendrai na tiendrai. Kiitalia kiliamua vinginevyo, kikamezesha n ndani ya r: verrò, terrò. Jambo la kukumbuka ni r yenyewe. Katika kila umbo la njeo ijayo hubaki r, na r hiyo ni ya kitenzijina cha Kilatini, cantare, venire, tenere. Mkia wa kitenzijina umefungiwa ndani ya neno lililokwisha kunyambuliwa kwa nafsi.

Dhamira ya masharti ilijengwa kwa vipande vilevile, ila habere iliwekwa katika wakati uliopita. Cantare habebam ikatoa cantaría ya Kihispania na chanterais ya Kifaransa; Kiitalia kikachagua umbo jingine la wakati uliopita, habui, kikapata canterei.

6.0 Nafasi: ushahidi wa Kireno, Sardinia na Romania

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani kwamba kuunganika hakukuwa na budi kutokea. Kireno kinaonyesha kwamba mshono ulibaki wazi kwa muda mrefu. Katika Kireno rasmi cha Ulaya, 'nitakupa' huweza kuandikwa dar-te-ei. Kitenzi dar 'kutoa' kiko mwanzo, kiwakilishi te 'wewe' kiko katikati, na ei, yaani habeo, kiko mwisho. Kihispania cha zamani nacho kilikuwa na muundo huo, kabla haujatoweka kufikia karne ya 17, na katika usemi wa kawaida wa Brazili hausikiki. Kiambishi cha kawaida hakiruhusu kiwakilishi kipenye kati yake na shina namna hiyo. Basi kiishio cha Kireno ni kiambishi ambacho bado hakijasahau kwamba kilikuwa neno.

Kusini zaidi mambo ni tofauti. Kisardinia husema appo a cantare, 'nitaimba', na lahaja za kusini mwa Italia zina muundo wa jamii hiyo. Habere imetangulia, kitenzijina kimefuata, katikati pana kihusishi, na karne zote hizi hazikuviunganisha. Kiromania nacho kina am să cânt, ambamo am ni habeo na imetangulia pia, japo njeo ijayo yake rasmi, voi cânta, inatokana na kitenzi cha 'kutaka'.

Jaribio safi kuliko yote limo ndani ya Kihispania chenyewe. Kitenzi ni kilekile, habere, na kitenzijina ni kilekile, cantar, lakini kuna cantaré na kuna he de cantar 'sina budi kuimba, nitaimba'. Palipo na habere mwishoni pana kiambishi. Palipo na habere mwanzoni pana maneno mbalimbali hadi leo. Maana peke yake haiwezi kueleza tofauti hii, kwa sababu maana zinakaribiana mno. Kinachoieleza ni mpangilio. Kitenzi cha lugha hizi kilikuwa tayari na desturi ya kubeba alama za nafsi na njeo mwishoni, na habere iliyosimama mwishoni iliangukia mahali palipokuwa pakiingojea.

7.0 Njeo timilifu, na mali inayohama

Kazi ya pili ya habere inajulikana zaidi na haihitaji maelezo marefu. Kilatini habeo litteras scriptas ilimaanisha 'ninazo barua zikiwa zimeandikwa'. Hapakuwa na lazima kwamba mwenye barua ndiye aliyeziandika. Taratibu ikawa 'nimeziandika barua'. Upatanisho wa zamani wa scriptas na litteras umeacha alama katika Kiitalia le ho scritte na katika kanuni ya Kifaransa inayowatesa wanafunzi, les lettres que j'ai écrites, ambamo kitenzi hupatana na yambwa ikiwa imetangulia. Kihispania kimeuondoa kabisa. Kwa hoja ya makala haya inatosha kuona kwamba hapa pia habere imetangulia, na hapa pia imebaki neno: Kifaransa husema je n'ai pas chanté, na pas hupenya katikati bila taabu. Kiromania kimekwenda hatua moja mbele kwa kutenga maumbo. Mwenye mali husema are 'ana', avem 'tuna', aveți 'mna'. Kisaidizi cha njeo timilifu ni a, am, ați. Kitenzi kimoja kimekuwa viwili mbele ya macho ya mchambuzi.

Kilipokwisha kujaa kazi za sarufi, kitenzi hiki kiliacha umilikaji katika sehemu kubwa ya magharibi. Kihispania na Kireno vilichukua tenere 'kushika' (tener, ter) kwa maana ya 'kuwa na', yaani vilirudi kwenye picha ileile ya mkono unaoshika ambayo habere yenyewe iliwahi kuibeba. Kireno hakikuishia hapo: ter sasa ndiyo kisaidizi katika tinha cantado 'nilikuwa nimeimba', na Brazili imeipa hata kazi ya 'kuna'. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya habere, kama inavyoonekana katika hay ya Kihispania na il y a ya Kifaransa, ambapo kijineno cha mahali kimefungamana na 'ina'. Msemaji wa Kiswahili hawezi kushangaa, maana kuna, pana na mna zimejengwa vivyo hivyo: mahali pamefanywa kuwa mwenye kitu.

8.0 Mshono wa -ta-

Kiswahili kilifuata njia ya Romania, njia ya 'kutaka'. Dai kwamba -ta- ni -taka iliyofupishwa halitegemei maana peke yake, na hilo ndilo linalolipa uzito. Katika vishazi rejeshi kitenzi kizima bado kipo: atakayesoma, kitakachonunuliwa, watakaokuja. Kirejeshi kimeketi kati ya -taka- na shina, mahali palepale pa mshono ambapo te ya Kireno imeketi katika dar-te-ei. Lugha mbili zisizo na nasaba moja zimeacha mshono wazi mahali pamoja, kwa sababu kipashio kilichopenya katikati kilizuia vipande viwili visishikane.

Ushahidi wa pili umo katika vitenzi vya silabi moja. 'Atakula' ina -ku-, ambayo ni alama ya kitenzijina: a-taka ku-la. Ilivyo r katika cantaré ndivyo ilivyo -ku- katika atakula, mabaki ya kitenzijina kilichomezwa. Inajulikana kwamba -ku- hubaki hapo kwa sababu ya mkazo, na ndiyo maana haimo katika atasoma. Lakini mkazo unaeleza kwa nini imebaki, hauelezi ilifikaje. Akila, hula na akala hazina -ku- hiyo, ingawa shina lao ni fupi vilevile, na tofauti hiyo inaelekeza kwamba -ki-, hu- na -ka- hazikuwahi kufuatwa na kitenzijina. Hapa mkazo na historia vinatakiwa kusomwa pamoja. Anayetaja kimoja na kukidharau kingine amepata jibu nusu.

Lakini hoja ya nafasi ina mpaka wake. Katika lugha za Kiromansi, habere iliyotangulia haikushikamana. Katika Kiswahili -taka ilitangulia, na imeshikamana. Tofauti haiko katika vitenzi hivi viwili bali katika umbo la neno lililovipokea. Kitenzi cha Kibantu hubeba nafsi na njeo mwanzoni, hivyo kisaidizi kilichotangulia kilikuwa tayari kimesimama mlangoni. Hata a- ya atasoma, kwa asili, ni ya -taka, si ya -soma, kama -é ya cantaré ilivyo nafsi ya habere na si ya cantare. Anayechanganua viambishi awali vya njeo katika Kiswahili, kwa hiyo, anasoma mpangilio wa sentensi za zamani uliogandishwa ndani ya neno. Kwa -ta- alama zipo mbili. Kwa -me-, inayohusishwa na kitenzi cha kale -mala (ambacho -maliza ni umbo lake la kusababisha), alama ni chache zaidi na ushahidi wa lahaja hauna budi kuletwa. Kwa -na- ya anasoma, inayodhaniwa kuwa ni 'na' ya nina, tatizo ni gumu kuliko yote: kwa nini 'kuwa na' ilete wakati ujao Ulaya na tendo linaloendelea pwani ya Afrika Mashariki? Huenda jibu liko katika picha iliyoanzia. Habeo dicere ilimpa msemaji jambo linalongoja kutendwa, ilhali 'na' ilimweka msemaji pamoja na tendo lenyewe, sambamba nalo. Maelezo hayo yanapendeza, na kwa sababu hiyo hasa yanahitaji kuthibitishwa kwa maumbo ya lugha jirani, si kwa kupendeza kwake.

Asiyetaka kungojea hati za karne ya 7 anaweza kusikiliza usemi wa leo. Amekwisha kula imekuwa ameshakula, na wapo wanaoikosoa ameshakula kwenye daftari za wanafunzi huku wenyewe wakiandika atakula bila wasiwasi. Kitenzi -isha, 'kumalizika', kimetangulia kitenzijina, kimefupika hadi -sha-, na kimeingia kati ya -me- na shina. -Ku- ya kitenzijina ipo katika ameshakula na haipo katika ameshasoma, sawasawa na kanuni ya -ta-. Katika umbo keshakula, linalotumika kwa nafsi ya tatu umoja, nafsi na njeo zimemezwa pamoja ndani ya ke-, na mchambuzi anayetafuta a- humo haikuti.